Fungate vijijini: Mwongozo wa safari ya wapendanao katika nchi ya Waembu na Wameru

NENO fungate lina asili ya siku saba. Wazee wa pwani walilitumia kwa maana ya juma ambalo bwana na bibi harusi walikaa ndani baada ya nikahi, wakiletewa chakula na kutunzwa bila ya kuguswa na kazi yoyote.

Siku hizi fungate limetoka nyumbani na kushika njia. Maharusi hufunga virago pindi karamu inapokwisha, na wenye uwezo huelekea Diani, Unguja, ama ng'ambo katika visiwa vya Ugiriki kama vile Santorini, ambako vijiji vyenye nyumba nyeupe vilivyoning'inia juu ya majabali hupigwa picha na wapendanao kutoka pembe zote za dunia.

Kinachowavuta watu visiwani humo si bahari peke yake. Ni vijiji vyenyewe: njia nyembamba, wazee wanaokaa nje ya nyumba zao jioni, chakula kinachotoka shambani kikiwa kibichi, na nafasi ya watu wawili kutembea pamoja bila ya kufuatwa na makelele ya mji. Mambo hayo yote yapo humu nchini, mwendo wa saa chache kutoka Nairobi, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, katika kaunti za Embu, Tharaka-Nithi na Meru.

Tena si jambo geni kwa wapendanao kuifuata miteremko hiyo. Mnamo Oktoba 2010, Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Catherine Middleton wakiwa ziarani huku. Walikuwa wamezuru hifadhi ya Lewa, na posa yenyewe ilifanyika mlimani, katika eneo la vibanda vya mbao vya Rutundu. Uchumba huo ulitangazwa Novemba 16, 2010 na ndoa ikafungwa mjini London Aprili 29, 2011. Dunia nzima ililisikia jina la Kenya kwa sababu hiyo, ijapokuwa Wakenya wengi hadi leo hawajui Rutundu iko upande gani wa mlima.

Makala haya yanakusudia kuwaelekeza wachumba na wanandoa wanaotaka kuijua nchi hiyo kwa miguu na kwa mazungumzo, kijiji baada ya kijiji.

Nchi yenyewe na maana ya kijiji

Mlima Kenya una kilele cha Batian chenye kimo cha mita 5,199, ambacho ni cha pili kwa urefu barani Afrika baada ya Kibo cha Kilimanjaro. Kutoka mlimani mito hushuka upande wa mashariki kama vidole vya mkono kuuelekea Mto Tana: Rupingazi, Thuci, Ruguti, Tungu, Nithi, Mutonga, Thingithu na Kathita ni baadhi tu. Kati ya mto mmoja na mwingine kuna mgongo wa ardhi, na juu ya migongo hiyo ndiko watu walikojenga.

Msafiri anayeshuka kutoka msituni hupita kwanza mashamba ya majani chai, kisha kahawa na ndizi, halafu makadamia na maembe, na hatimaye nyika ya mtama, ndengu na mizinga ya nyuki. Mwendo huo wote waweza kukamilishwa kwa siku moja.

Ni vyema mgeni afahamu kwamba kijiji cha huku hakifanani na kijiji cha kisiwa cha Ugiriki, ambako nyumba zimebanana kuzunguka kanisa na uwanja mmoja. Waembu na Wameru tangu jadi waliishi katika maboma yaliyotawanyika, kila ukoo na shamba lake. Vijiji vya nyumba zilizosongamana vililetwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishwa na kuwekwa ndani ya mahandaki na nyua za miiba ili wasiwape chakula wapiganaji wa Mau Mau.

Vita vilipokwisha, wengi walirejea mashambani mwao. Kwa hivyo ukimsikia mzee akilitaja neno kijiji kwa sauti nzito, jua kwamba pengine hazungumzii starehe. Mwenyeji atakaposema "nyumbani" atakuwa anamaanisha shamba, kaburi la babu yake na mti uliopandwa mpakani.

Embu: mji wa kuanzia

Mji wa Embu uko kilomita zipatazo 130 kutoka Nairobi kupitia Thika, Makutano na mashamba ya mpunga ya Mwea. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mfumo wa ugatuzi ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2013. Miongoni mwa majengo yake ya enzi za ukoloni ni hoteli ya Izaak Walton, iliyopewa jina la mwandishi Mwingereza wa karne ya 17 aliyesifika kwa kitabu chake kuhusu uvuvi wa ndoana. Jina hilo lilitokana na samaki aina ya trauti waliopandikizwa na walowezi katika mito baridi ya mlima.

Lakini wapendanao wana sababu kubwa zaidi ya kuanzia Embu. Masimulizi ya asili ya Waembu huanza na watu wawili. Inasimuliwa kwamba Ngai alimuumba Mwenendega, kisha akampa mke mrembo penye maporomoko ya Mbui Njeru. Mke huyo aliitwa Nthara, na kwa kuwa alipatikana majini akajulikana pia kama Ciurunji. Wawili hao walibarikiwa mali na watoto, na uzao wao ndio ulioijaza nchi ya Embu.

Kichaka kitakatifu kinachohusishwa na Mwenendega kiko upande wa Runyenjes, kaskazini-mashariki mwa mji wa Embu. Mgeni asikiendee kama anayekwenda kwenye bustani ya matembezi. Aulize kwanza kwa wazee wa karibu, aongozwe na mwenyeji, wala asivunje hata kijiti. Vichaka vya namna hii, ambavyo wazee walivihifadhi kwa miiko, ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu wa asili nje ya hifadhi ya serikali, na kila kizazi kinachopita bila ya kuyasikia masimulizi yake huviweka karibu zaidi na shoka.

Kutoka Runyenjes njia hupanda hadi mashamba ya chai, ambako viwanda vya Rukuriri na Mungania hupokea majani kutoka kwa wakulima wadogo. Asubuhi mapema, kabla ya jua kuchomoza sawasawa, wachumaji huwa tayari mashambani na vikapu mgongoni. Wanandoa wanaopenda kutembea watapata hapa njia za vumbi jekundu zilizozungukwa na kijani kibichi, pamoja na vituo vya kununulia majani chai, ambako wakulima hupumzika na kuzungumza huku wakisubiri lori.

Mbeere: upande wa joto

Ukishuka kutoka mjini Embu kuelekea Siakago na Kiritiri, joto huongezeka na nyumba hupungua. Hii ni nchi ya Wambeere, jamaa wa karibu wa Waembu. Ardhi yao ni kame kiasi, ila ina mambo yake: vilima vya mawe, Kiang'ombe kikiwa kimojawapo, asali, kunde, na muguka, ambao ni jamii ya miraa unaotafunwa majani yake machanga.

Mto Tana umefungwa hapa kwa mlolongo wa mabwawa ya kuzalisha umeme: Kindaruma lililokamilika mwaka wa 1968, Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kati ya mabwawa ya Masinga na Kamburu ipo Hifadhi ya Mwea, ambayo haipati wageni wengi kama mbuga za kusini. Humo mna ndovu, twiga, viboko na ndege wa majini, na machweo ya jua juu ya maji ni ya kuwaridhisha wanaotafuta utulivu.

Mamba na viboko wamo katika mabwawa hayo, kwa hivyo kuogelea ni hatari, na mashua ikodishwe kwa mwenye idhini na majaketi ya kuokolea maisha.

Chuka na Chogoria: katikati ya njia

Barabara ya Embu kwenda Meru huyavuka mabonde yote yaliyotajwa hapo juu, na kwa sababu hiyo ina mandhari ya kupendeza na hatari kwa pamoja. Daraja la Nithi, kati ya Chuka na Chogoria, limewameza watu wengi. Mnamo Julai 24, 2022, basi la abiria lilitumbukia katika bonde hilo na zaidi ya watu 30 wakafariki. Anayeendesha gari mwenyewe asisafiri usiku, na ashuke bondeni kwa gia nzito badala ya kukanyaga breki mfululizo hadi zichemke. Mwenda pole hajikwai.

Chuka inajulikana kwa ngoma zake. Wapigaji huishika ngoma ndefu kati ya mapaja, wakainama mbele na kuipiga kwa mikono huku wakicheza. Ngoma hizo zimewakilisha Kenya katika sherehe nyingi za kitaifa. Eneo hili pia lina makovu ya vita vya uhuru: mnamo Juni 1953 wanajeshi wa King's African Rifles waliwaua wanakijiji wapatao 20 wasiokuwa na hatia karibu na Chuka.

Mbele kidogo ni Chogoria, mji mdogo uliokua kandokando ya misheni na hospitali iliyoanzishwa mwaka wa 1922 na Dkt Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland. Kutoka hapa huanza njia ya kupanda mlima ambayo wengi huisifu kuwa nzuri kushinda zote. Hupita msitu wa mianzi, maporomoko ya Vivienne, Bonde la Gorges na Ziwa Michaelson. Wasiokuwa na nia ya kufika vileleni wanaweza kulala siku moja katika vibanda vilivyo karibu na lango la mbuga na kutembea asubuhi hadi kwenye maji.

Mbuga ya Mlima Kenya ilianzishwa mwaka wa 1949 na kuwekwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 1997. Mwaka wa 2013 turathi hiyo ilipanuliwa ikajumuisha Lewa na msitu wa Ngare Ndare.

Meru: watu waliotoka kisiwani

Kabla ya kuingia mji wa Meru, barabara hukata mstari wa ikweta. Wengi husimama hapo kupiga picha, mmoja akiwa kusini na mwenzake kaskazini mwa dunia.

Mji wenyewe ulianza kama kituo cha serikali mwaka wa 1908, chini ya mkuu wa wilaya Edward Butler Horne, ambaye Wameru walimbandika jina la Kangangi, yaani mtu mdogo anayezurura huku na huku. Jengo la mawe lililokuwa afisi ya mkuu wa wilaya mnamo miaka ya 1910 ndilo Makavazi ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974. Ndani mna vifaa vya kale, na nje kuna mfano wa boma la jadi na bustani ya mitishamba. Mgeni anayeanzia hapo ataelewa mengi atakayoyaona baadaye vijijini.

Msomaji aliyekuwa akitamani kisiwa atafurahi kusikia kwamba historia ya Wameru huanzia kisiwani. Kulingana na masimulizi yao, mababu waliishi mahali paitwapo Mbwaa, penye maji yanayopwa na kujaa, pwani ya Bahari ya Hindi. Wapo wanaopahusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko walikuwa watumwa wa watu walioitwa Nguuntune, waliowapa kazi zisizowezekana, ikiwemo kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili.

Hatimaye kiongozi wao, Koomenjwe, aliwatorosha, na maji yakagawanyika wakavuka. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua likiwa limetoka weupe. Mgawanyiko huo wa koo haukuhusu rangi ya ngozi, bali saa ya kuvuka.

Kimeru kina majina yanayowapendeza wapendanao. Mwendwa ni yule anayependwa, Kendi limetoka katika kitenzi hichohicho cha kupenda, na Makena ni mwenye furaha. Asiyejua lugha aanze na "muga", ambayo ndiyo salamu, na amalizie kwa "ibwega" akitoa shukrani. Maneno hayo mawili hufungua malango mengi.

Karibu na mji kuna msitu wa Imenti, uliowahi kusifika kwa mti wa muuru, unaoitwa pia mwaloni wa Meru, pamoja na Ziwa Nkunga, ziwa dogo la kreta ambalo wenyeji hulihesabu kuwa takatifu. Giitune ni msitu mwingine mtakatifu wa eneo hili.

Upande wa Tigania, kwenye barabara ya Maua, iko Nchiru, makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke. Baraza hili bado lina uzito katika mizozo ya ardhi, uhifadhi wa misitu na siasa. Nyumba yake ni mahali pa kiapo, si jumba la maonyesho. Asiye mwanachama haingii bila ya ruhusa, na mke na mume wasiudhike wakiambiwa kwamba hapo hawaendi pamoja.

Nyambene: miraa na posa

Milima ya Nyambene, katika Igembe na Tigania, ina vijiji vilivyojaa zaidi na pilikapilika nyingi zaidi. Hii ndiyo nchi ya miraa. Mikungu ya ndizi, majani chai na miti ya miraa iliyopindapinda kwa uzee husimama katika shamba moja. Mchana, masoko ya Maua na Kangeta hugeuka uwanja wa mbio: vitita hufungwa kwa majani ya migomba, na magari ya kubeba mizigo huondoka kwa kasi, kwa sababu zao hili hupoteza thamani likikauka. Ukiyaona magari hayo nyuma yako, wapishe.

Biashara hiyo imepata misukosuko. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka wa 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia iliyafunga masoko yake Machi 2020 na kuyafungua Julai 2022. Kila mlango unapofungwa, karo na vyakula huadimika katika nyumba za Igembe, na mgeni ataisikia habari hiyo kabla hata hajamaliza chai yake.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba miraa ina nafasi katika mapenzi ya Wameru. Familia ya kijana inayotaka kuposa hupeleka kitita maalumu kiitwacho ncoolo kwa wazazi wa msichana. Wakikipokea, mazungumzo yameanza. Mahari ya jadi nayo huhusisha kondoo, ng'ombe na asali, na kila kitu kina maana yake na mtu wa kukipokea. Wachumba wakipata bahati ya kualikwa kwenye sherehe kama hiyo, wakae walipoonyeshwa, wale walichopewa, na kamera wasiitoe hadi wenye shughuli wakubali.

Elsa na akina Adamson

Kutoka Maua barabara huteremka hadi lango la Murera la Mbuga ya Kitaifa ya Meru, yenye ukubwa wa kilomita mraba 870 na mito mingi ya kudumu. Hapa ndipo George na Joy Adamson, mume na mke, walipomrudisha nyikani simba jike aliyeitwa Elsa, waliyemlea tangu utotoni baada ya George kumpiga risasi mama yake mwaka wa 1956.

Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilichapishwa mwaka wa 1960 na filamu yake ikatoka mwaka wa 1966. Waliowaigiza akina Adamson, Virginia McKenna na Bill Travers, walikuwa mume na mke vilevile, na kazi hiyo iliwageuza kuwa watetezi wa wanyama kwa maisha yao yote.

Elsa alifariki mwaka wa 1961 na kaburi lake limo mbugani kando ya Mto Ura. Joy aliuawa Shaba mwaka wa 1980, na George akauawa na majambazi huko Kora mwaka wa 1989. Ndoa yao haikuwa shwari, na kwa miaka mingi waliishi mbalimbali, lakini sehemu ya majivu ya Joy ilizikwa katika kaburi la Elsa. Wanandoa wengi hukaa kimya wakifika hapo.

Ujangili uliiharibu mbuga hii mno katika miaka ya 1980. Mnamo 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa na askari. Ukarabati ulishika kasi kuanzia miaka ya 2000, na leo mbuga ina hifadhi maalumu ya vifaru iliyozungushiwa ua.

Timau, Ngare Ndare na Rutundu

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Meru ni Timau, nchi ya baridi, ngano, viazi na maua. Msitu wa Ngare Ndare ulio karibu una daraja la kamba lenye urefu wa mita zipatazo 450, lililotundikwa kati ya vilele vya miti, pamoja na maporomoko na vidimbwi vya maji ya samawati. Ndovu huutumia msitu huo kama njia ya kupita kati ya mlima na Lewa. Mwaka wa 2011 walianza kutumia kivuko kilichojengwa chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru.

Lewa yenyewe ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Mwaka wa 1983 sehemu yake ilitengwa kuwalinda vifaru, na mwaka wa 1995 yote ikawa hifadhi. Mbio za marathoni hufanyika humo tangu mwaka wa 2000.

Rutundu iko juu zaidi, upande wa kaskazini wa mlima, penye maziwa madogo yenye samaki. Ni zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku huwa na baridi kali. Asiyezoea kimo hicho apande polepole, na akiumwa kichwa au kutapika ateremke mara moja. Posa inaweza kungoja hadi kesho.

Mpango wa siku saba

Kwa kuwa fungate ni siku saba, ratiba ifuatayo yafaa. Siku ya kwanza, Nairobi hadi Embu na matembezi ya jioni mjini. Siku ya pili, Runyenjes na mashamba ya chai. Siku ya tatu, Mbeere na mabwawa. Siku ya nne, Chuka na kulala Chogoria. Siku ya tano, Meru mjini, makavazi na Imenti. Siku ya sita, Nyambene na Mbuga ya Meru. Siku ya saba, Timau na Ngare Ndare, kisha kurejea Nairobi kwa njia ya Nanyuki. Wenye siku tatu pekee wachague upande mmoja, badala ya kuyakimbilia yote na kurudi wakiwa wamechoka na kugombana.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, na tena kuanzia Juni hadi Septemba, ijapokuwa Julai huwa na ukungu na baridi. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huzifanya njia za udongo kuteleza. Dawa ya kufukuza mbu na chandarua ni lazima kwa Mbeere na Mbuga ya Meru. Malipo ya mbuga za serikali hufanywa kwa njia ya kidijitali, hivyo mambo hayo yakamilishwe mapema, penye mtandao. Sokoni na vijijini M-Pesa hupokelewa, ila noti ndogondogo hazikosi kazi.

Adabu za mgeni

Kushikana mikono barabarani hakumkeri mtu, lakini kukumbatiana na kubusiana mbele ya wazee huhesabiwa kuwa utovu wa adabu. Wachumba ambao hawajaoana wakikaribishwa nyumbani kwa mtu wasitarajie chumba kimoja. Ukifika bomani usiingie moja kwa moja. Simama, bisha hodi na usubiri, kisha umwamkue mkubwa kwanza. Mzee ni mzee hata akiwa na nguo zilizochakaa, na mwanamke mwenye watoto huitwa mama.

Kukataa chakula bila ya sababu ni matusi. Mukimo, githeri, ndizi zilizopikwa na uji wa kuchachua ndivyo mtakavyoandaliwa, na hata vijiko viwili vinatosha kuonyesha shukrani. Zawadi inayofaa ni sukari, majani chai au unga. Msigawe pesa wala peremende kwa watoto njiani, kwani hilo huwafundisha kuombaomba.

Nani anafaidi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji haponi ikiwa wageni wanapita kwa kasi, vioo vimefungwa, kutoka lango la mbuga hadi hoteli ya kifahari. Ada ya langoni huenda katika hazina ya mbali, na anayeishi jirani na ndovu hubaki na mahindi yaliyokanyagwa. Ni hali hii inayomfanya kijana wa kijijini asione thamani ya kichaka cha Mwenendega wala msitu wa Giitune, mradi mbao na makaa vina mnunuzi.

Mgeni anayelala katika nyumba ya wageni ya Runyenjes, akanunua asali Siakago, akamlipa mwenyeji wa kumwongoza Chogoria na kula chakula cha mchana Maua, ameacha fedha katika mikono minne tofauti. Bei ya mwongozaji isemwe kabla ya kuondoka, na risiti iombwe panapostahili. Vijiji vya visiwa vya Ugiriki vilivyokuwa vimeanza kuhamwa na vijana vilipata uhai mpya kwa mapato ya aina hii, ingawa baadhi sasa vinalalamikia wageni kupita kiasi na uhaba wa maji. Kaunti zetu tatu zina nafasi ya kujifunza mambo yote mawili mapema.

Mwisho, wapendanao wakumbuke kuwaarifu jamaa zao mahali wanapolala kila usiku, wawe na nambari ya mwongozaji, na wasipande mlimani wawili peke yao. Wakirudi salama, watakuwa wameijua nchi ambayo wengi huipita usingizini ndani ya basi la Maua, na bila shaka watakuwa wamejuana wenyewe vizuri zaidi kuliko walivyoondoka.